Poleni kwa Msiba wa Iliki

Magindu hakuna kivuli kisicho na mwenyewe. Ardhi ipo. Pori lipo upande wetu wa Kibaha na upande wa pili wa Kisarawe, na ukitaka pa kupanda mihogo utaoneshwa mpaka miguu iume. Kivuli ndicho cha kugombea. Kivuli kizuri, cha mwembe dodo uliokomaa, karibu na njia, kina watu wake, na watu hao wana zamu. Asubuhi kinalalia upande wa magharibi, kwenye jiko letu la nje, na hapo ni pa mama mkwe na ungo wake. Saa sita kinajikunja chini ya shina na mbuzi wanakisukumania. Alasiri kinaanza kutambaa kwenda mashariki mpaka ukingoni mwa barabara, na wazee wa bao wananyanyua benchi wanakifuata, hatua kwa hatua, bila hata kubandua macho kwenye kete. Mwezi wa sita jua likiwa limehamia kaskazini, kivuli kinasogea kusini na benchi linasogea nacho. Desemba vyote viwili vinarudi. Mwalimu wa jiografia akitaka kuwaonesha watoto mwendo wa jua, awalete kwetu watazame benchi.

Kwa hiyo wifi yangu aliposhuka kwenye bodaboda na kiroba cha miche ya iliki, akatangaza kwamba mmea huu unapenda kivuli cha wastani, niliwatazama wazee kwanza kabla ya kutazama miche.

Wifi ameolewa Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ambako mvua hainyeshi kwa taarifa. Huko iliki inakua chini ya miti mikubwa, pamoja na migomba na pilipili manga, na watu wanaitaja kama sisi tunavyoutaja mchicha. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akatoa masharti.

"Haina shida hata kidogo, wifi. Inataka kivuli, lakini si giza. Inataka maji, lakini isisimame majini. Ifunikwe majani makavu miguuni. Isipigwe na upepo, isikanyagwe pembeni, na jua la mchana isilione kabisa. Ukiitunza hivyo, mwaka wa tatu itaanza kuzaa."

Mume wangu, ambaye alikuwa anafunga tairi la baiskeli na nilidhani hasikilizi, akasema, "Kumbe umetuletea mkwe."

Jina likashika hapohapo. Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna anayesema iliki. Ni Mkwe. Mkwe kaamka vizuri? Mkwe kapewa maji? Jina hilo lilikuja kututia katika kadhia ambayo nitaieleza, lakini kwanza niseme kwa nini tulihangaika.

Sisi watu wa Pwani tunaipenda iliki kuliko uwezo wetu. Tunaitia kwenye chai ya maziwa, kwenye maandazi, kwenye pilau, kwenye visheti vya Idi, na kuna watu nawafahamu wanaoitia hadi kwenye uji wa mgonjwa. Lakini dukani inauzwa kwenye kimfuko cha nailoni kisichojaa kiganja, kwa sababu baada ya zafarani na vanila hakuna kiungo kinachoifikia kwa bei. Mama mkwe (huyu wa kweli, mwenye miguu miwili) huzihesabu punje kabla hajaniachia sufuria. Kuna nchi inaitwa Guatemala, huko Amerika ya Kati, ambayo inaongoza duniani kwa kuuza iliki, na wenyeji wake karibu hawaigusi. Karibu yote inasafirishwa, na sehemu kubwa inakwenda kwa Waarabu kutiwa kwenye kahawa. Na Sweden na Finland, ambako huwezi kuistawisha nje hata ukiifunika blanketi, wanaitia kwenye mikate yao mitamu. Dunia hii wanaolima si wanaokula. Sisi hapa Magindu tulitaka kuwa vyote viwili.

Tatizo ni kwamba vitabu vya kilimo havikutufikiria. Iliki asili yake ni milima yenye misitu ya kusini mwa India. Inataka mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka na kuendelea, na mwinuko wa mita 600 hivi kwenda juu. Magindu ni tambarare; mwinuko wa kujivunia ni tuta la reli. Na masika yetu siku hizi hata yenyewe hayajui yatafika lini. Kinachoudhi ni kwamba maji ya Uluguru yanapita wilayani mwetu. Mto Ruvu unashuka kutoka milima ileile ya wifi, na pale Mlandizi mtambo wa Ruvu Juu unayachota unayapeleka Dar es Salaam. Yaani iliki ikiwa Kinole inanyeshewa, ikiwa Tabata inafunguliwa bomba, ikiwa kwangu inasubiri dumu la lita 20 kwenye baiskeli ya mume wangu.

Tukaanza kutafuta mahali pa kuipanda. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya upande wa jikoni, magharibi, pasipo na fujo. Wifi akatikisa kichwa. Upande ule unapata kivuli asubuhi, lakini kuanzia saa nane unachomwa moja kwa moja. "Jua la asubuhi halina neno," akasema. "La mchana ndilo linaloua." Akazunguka mwembe taratibu, akitazama juu kwenye matawi na chini kwenye udongo, mpaka akasimama. Akaonesha kwa kidole cha mguu.

Alikuwa ameonesha katikati ya bao.

Mchezo ukasimama. Mzee mmoja alikuwa ameshika kete mkononi, akabaki ameishika. Nikaleta chai, nikapiga goti, nikaamkia kila mmoja kwa zamu yake, nikaeleza haja. Msemaji wao ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache na yote mazito.

"Mkwe," akaniambia, "benchi hili lilikuwa hapa kabla ya Azimio la Arusha. Huyo mgeni wako kafika lini?"

"Leo, baba."

"Leo." Akawageukia wenzake. "Leo."

Shauri lilichukua mpaka magharibi. Hatimaye iliki ikapewa kipande karibu na shina la mwembe, upande uleule wa mashariki, wazee wakabakiwa na kinachofuata hadi barabarani, na mimi nikajifunga kuleta birika la chai kila Ijumaa baada ya sala. Mume wangu alisema nimepigwa. Lakini yeye hajawahi kujadiliana na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuhesabu kete nne mbele.

Sasa tazama jinsi tulivyoipanda, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia. Kwa kuwa isisimame majini, tuliinua tuta. Miche ilikuwa mingi kidogo, kwa hiyo tuta likawa na urefu wa mtu mzima aliyelala, na kwa sababu tulifuata kivuli kinavyokwenda, likalala mashariki na magharibi. Juu tukafunika majani makavu ya mwembe. Mbuzi hawana adabu, kwa hiyo mume wangu akakata fito kwenye mpaka wa shamba akazichomeka kuzunguka tuta. Fito zilizokuwa karibu ni za mbono kaburi, mti ambao hapa kwetu unapandwa mipakani na, kama jina lake linavyosema, makaburini. Mwisho mama mkwe akachana salfeti nyeupe vipandevipande akazifunga kwenye fito, zipepee, kuku waogope.

Wifi akaondoka zake alfajiri kurudi Kinole. Sisi tukaenda shamba.

Nilikuwa nimerudi kutoka shamba, nanawa miguu, bodaboda moja ikapita, ikapunguza mwendo, ikarudi. Kijana akazima pikipiki, akavua kofia, akaja polepole.

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa." Nilidhani anasema ya shamba.

Akatazama chini ya mwembe. "Ni nani?"

"Ni Mkwe."

"Lahaula! Aliumwa?"

"Hapana, ni safari tu. Kaletwa kutoka Kinole, katiwa kwenye kiroba, kafika kanyauka kabisa."

Kijana akanyamaza. Sura yake ilibadilika kwa namna ambayo wakati ule niliona ni uchovu. "Kwenye kiroba," akasema taratibu.

"Sasa angekujaje? Jana jioni ndiyo tumemfukia. Miguu tu, kichwa tumekiacha nje apate hewa."

Akanipa mkono, akauacha na noti ya elfu moja ndani yake kama watu wanavyofanya msibani, akawasha pikipiki akaondoka kwa kasi ambayo sikuielewa. Nikabaki na elfu moja ya watu, najiuliza kama ananilipa chai.

Bodaboda ndiyo redio yetu. Kabla ya adhuhuri walikuja wanawake wa kitongoji, kanga zimefungwa viunoni, mmoja na sufuria kubwa kichwani. Shangazi yake mume wangu alianzia kulia barabarani. Mama mkwe alitoka jikoni na ungo, akaona watu wanalia, naye akalia, maana mtu huwezi kuacha watu walie peke yao nyumbani kwako, sababu utaiuliza baadaye. Habari iliyokuwa mjini ni hii: mume wa wifi amefariki Kinole, amesafirishwa usiku, na amezikwa Magindu, ukweni kwake, chini ya mwembe, bila tangazo, bila imamu. Wengine waliongeza mambo ya kiroba. Wanaume waliokuja nyuma hawakulia, walisimama wakajadili. Hoja yao ilikuwa nzito: tangu lini mwanamume akazikwa ukweni? Ndugu zake wako wapi? Kuna mahari haijamalizika?

Kisha akaja mwenyekiti wa kitongoji na daftari. Ni mtu mwema na mnyoofu, na siku ile alikuwa na huzuni ya kweli, lakini pia alikuwa na swali la kisheria. Akavua kofia mbele ya tuta, akaomba dua fupi, akaivaa tena, akafungua daftari. "Kibali cha mazishi alitoa nani?"

Mume wangu ndipo alipofika na baiskeli na dumu la maji. Akapita katikati ya waombolezaji, akasema "Samahani, samahani," akamimina maji yote juu ya kaburi.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule.

Katika ukimya huo simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Kinole. Nikaweka sauti ya juu, kwa kuwa mikono ilikuwa inatetemeka. "Shemeji," ikasema sauti ya marehemu, "nasikia nimekufa."

Kicheko kilianza kwa yule mwenye sufuria. Mwenyekiti alifunga daftari, akalifungua tena, akaandika kitu ambacho hakutaka tukione. Shemeji kwenye simu aliuliza rambirambi imefika kiasi gani, na alipoambiwa elfu moja alikata tamaa na sisi kabisa. Chakula cha msiba kilikuwa kimeshapikwa, kwa hiyo tulikila. Wali ulikuwa mzuri, ila haukuwa na iliki.

Lakini habari njema haikimbii kama ya msiba. Kwa muda fulani wapita njia wasiojua waliendelea kuinamisha vichwa. Wazee wa bao, ambao siku ya tukio walikuwa kwenye mazishi ya kweli kijiji cha pili, walirudi wakakuta mbono kaburi zimechomekwa na watu wanasema pole; wakabeba benchi lao kimyakimya, wakavuka barabara, wakahamia chini ya mkorosho. Kwa heshima. Iliki ikapata kivuli chote peke yake, hakuna aliyetema mate karibu, hakuna aliyefunga mbuzi, hakuna mtoto aliyekimbilia huko na mpira. Majani yake yalifunguka. Mume wangu aliniuliza kama sioni haja ya kwenda kuwaeleza wazee. Nikamwambia nitakwenda, nikimaliza kupepeta.

Mstaafu wa reli alijua mwenyewe, kwa njia zake. Alikuja mbele ya tuta, akainama, akakwanyua jani, akalisugua viganjani, akanusa. Akasema neno moja tu: "Chai." Jioni ileile benchi lilivuka barabara kurudi. Mkorosho, nilikuja kuambiwa, ulikuwa na maji moto, wale siafu wekundu wa juu ya miti wanaomwangukia mtu shingoni, na wazee walikuwa wamewavumilia kwa ajili ya roho ya marehemu. Ijumaa ile walidai mabirika mawili.

Miaka ya katikati niipitie haraka. Fito za mbono kaburi zilichipua zote, hakuna hata moja iliyokufa, na hazikuhitaji dumu. Ukitaka kitu kistawi Magindu, kichomeke kuzunguka kile unachokitaka. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka vuli ifike, kingo za majani ya iliki ziligeuka kahawia na mume wangu akaanza kulalamika kwamba yeye anaoga kopo na Mkwe anaogeshwa ndoo. Tulimpa maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea mboga, na wazee nao, bila kuombwa, walianza kummwagia machicha ya kahawa yao. Sijui kama yalisaidia, ila upande waliomwaga ndio uliotangulia kuzidi urefu wa benchi.

Kwa maana ilikua. Hilo siwezi kuidhulumu. Ilipanda ikapita kimo cha mama mkwe, ikapita kimo changu, na masika moja yaliyokuja vizuri ikampita mume wangu, ambaye akaacha kusimama karibu nayo. Ukiikata ile inayoonekana kama shina utakuta si shina. Ni majani yamekunjana kama yalivyokunjana ya mgomba na ya tangawizi, ambao ni ndugu zake. Shina lenyewe limelala chini ya udongo, linatembea pembeni taratibu, kuelekea, kama utapenda kujua, kwenye benchi.

Kimo hicho kikaleta wageni wapya. Ikasemwa ni dawa ya mgongo. Ikasemwa ni dawa ya biashara, na majani mawili matatu yakaanza kutoweka usiku. Kijana mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anapitisha ng'ombe kuwapeleka majini aliomba ruhusa ya kuiangalia. Aliiangalia kwa makini ya mtaalamu, kutoka juu hadi chini, huku ng'ombe wamemsubiri.

"Ng'ombe anakula hii?"

"Hapana."

"Mbuzi?"

"Anaonja, anatema."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kubwa hivi," akasema, "na haina kazi." Akaondoka na ng'ombe wake. Wazee walimsifu sana kwa busara.

Nao walikuwa na shaka zao. Mwaka wa tatu ulipofika, kila alasiri kabla ya kuanza bao walisimama, mikono nyuma, wakaitazama iliki juu kwenye ncha za majani, wakitafuta tunda. Hakuna. Mstaafu wa reli alikuwa amenisomea hukumu: hii ni dume. Mwenzake akasema kuna mmea mwingine wa ukoo huohuo, watu wanaupanda bustanini wakidhani ni iliki kwa kuwa jani lake linanukia vilevile, na huo hauzai kitu cha kutia kwenye chai mpaka kiama. Hilo la mwisho ni kweli kabisa, mimea hiyo ipo na imewaliza wengi. Mama mkwe akaanza kusema kwa sauti mbele yangu bei ya iliki dukani.

Aliyekuja kumaliza ubishi ni Mpemba mwenye duka letu, aliyekuja kudai deni la sukari. Alikuta wazee, mume wangu, mama mkwe na mimi tumesimama mstari mmoja, vichwa vyote juu.

"Mwatafuta mwezi?" akauliza.

Tukamweleza. Akacheka kwa adabu, akakunja suruali, akachuchumaa, akaanza kufukua majani makavu kwa vidole viwili, kama anayetafuta shilingi iliyodondoka. Kwao Pemba na Unguja, alisema akiwa chini, kuna matunguu, matunda mekundu ya porini ya mmea wa jamii hiihii, na kila mtoto anajua kwamba tunguu huzaa chini kabisa, ardhini. "Juu ni mapambo tu, bi mkubwa. Mambo yote yako huku." Akainua kikonyo chembamba kilichotokea penye mzizi na kutambaa chini ya majani. Mwishoni kulikuwa na ua moja dogo, jeupe, lenye mistari ya zambarau iliyochorwa kama kwa kalamu kwenye mdomo wake. Pembeni ya ua kulikuwa na kitu cha kijani, cha pembe tatu, kidogo kuliko kokwa la tende.

Sote tukainama. Mstaafu wa reli alilazimika kushikwa mkono.

Vikonyo vingine vilikuwepo, lakini vimevunjwavunjwa, na hapo ndipo tulipojua kuku walikuwa wanafanya nini humo ndani miaka yote. Yale majani makavu aliyoagiza wifi yaliwavutia mchwa. Mchwa wakawavutia kuku, ambao walizizoea salfeti ndani ya siku chache na kuanza kuzitumia kama mlango. Kila siku walichakura, wakala mchwa, wakavunja maua, wakatoka wameshiba. Mayai ya mwaka ule, nakumbuka, yalikuwa mengi kupita kawaida, na mama mkwe alikuwa amelihusisha jambo hilo na dua zake. Nikamwambia mume wangu tuwafungie kuku. Akaniuliza tunachagua mayai au chai. Mama mkwe akasema hakuna mtu atakayemfungia kuku wake kwa ajili ya mkwe.

Tulipatana: wavu wa uvuvi uliochakaa, kutoka kwa mtu wa bondeni kwenye mto, ukatandazwa chini kuzunguka mashina. Kuku wawili walinasa, wengine wakajifunza. Na nyuki walijua njia yao bila kuelekezwa.

Mavuno ya kwanza yalijaa kikombe kidogo cha kahawa. Iliki huchumwa kabla haijaiva kabisa, maana ukiiacha inapasuka na kumwaga mbegu, kisha hukaushwa taratibu ibaki na ukijani wake. Nikaikausha kwenye ungo wa mama mkwe, ndani ya nyumba, na mume wangu akaagizwa asifungue dirisha. Wakati wa kugawana ulipofika nilishangaa kuona ukoo wa iliki ulivyo mpana. Wazee walidai fungu la kivuli. Mpemba alidai fungu la uvumbuzi, juu ya deni la sukari. Mwenyekiti wa kitongoji alipita kwa bahati. Hata yule kijana wa bodaboda alikuja, akakumbusha kwa upole kuhusu elfu moja yake.

Wifi hakuja. Siku hizi anapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa hana haja tena na vumbi letu. Alinipigia akiwa njiani, ameshapita Ngerengere, akaniambia nisimame nje na nipunge kanga ili aione iliki dirishani. Nilipunga. Kabla sijashusha mkono alisema, "Nimeshafika Ruvu, wifi. Sijaona kitu."

Kwa sasa tuna shauri jingine. Mwembe umenenepa, tawi moja kubwa limejishusha juu ya tuta, na kile kivuli cha wastani kimegeuka giza. Iliki imerefuka tu, haijitumi. Nimeomba tawi likatwe. Mstaafu wa reli amekataa, na hoja yake si ya kupuuza. Aliwahi kufanya kazi upande wa Tanga, na anasimulia jinsi watu wa Amani, kule Usambara Mashariki, walivyoilima iliki ndani ya msitu wenyewe: waliacha miti mikubwa itoe kivuli, wakafyeka yote ya chini, hata miche ya miti iliyokuwa ije kuirithi ile mikubwa. Baada ya miaka ardhi ikachoka, iliki ikadhoofu, na msitu ukawa na wazee bila watoto. Leo sehemu kubwa ya msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, tangu 1997. "Wewe unaanza na tawi," ananiambia. Kijana mmoja anayechoma mkaa amejitolea kulikata bure, na akiliangalia tawi lile macho yake yanateremka mpaka kwenye shina, kwa hiyo tumemshukuru, tumemwambia asubiri.

Kikao ni Jumamosi alasiri, papo hapo chini ya mwembe, bao likiisha. Mwenyekiti wa kitongoji ataandika, daftari lilelile. Mimi nimepewa nafasi ya kujieleza na nimetakiwa nije na mabirika matatu, na wamesisitiza kwamba wajumbe hawatasikiliza hoja yoyote juu ya chai kavu.